Watawala wa Anjou: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anjou ni jimbo la kale la magharibi mwa Ufaransa, kandokando ya mto Loire, na mji wake mkuu ni Angers. Leo sehemu yake kubwa imo katika mkoa wa Maine-et-Loire. Ukisoma historia ya Uingereza utakutana na Anjou. Ukisoma vita vya msalaba, Sisilia, Hungaria au Jeanne d'Arc, utakutana nayo tena, na majina yanajirudia mpaka kichwa kinauma: Foulques baba wa Foulques, Geoffroy baada ya Geoffroy, Louis watatu mfululizo. Majibu haya ni kwa ajili ya msomaji aliyewahi kupotea humo.

Konte ni nani? Na mtemi?

Neno la Kifaransa comte limetoka katika Kilatini comes, yaani mwandani, mtu anayefuatana na mfalme. Hapa tunaandika konte. Enzi za Charlemagne konte alikuwa mtumishi: mfalme anampeleka mahali, anahukumu kesi, anakusanya kodi, anaita watu vitani, na siku mfalme akitaka anamwondoa. Mwaka 843 wajukuu wa Charlemagne waligawana dola lake. Wafalme wakadhoofika, Waviking wakawa wanapanda mito kwa mashua zao kuchoma miji, na mwananchi akawa hana wa kumkimbilia ila bwana wa karibu mwenye ngome. Mabwana hao wakaona hawana sababu ya kurudisha cheo. Wakawarithisha watoto wao, na kilichokuwa kazi kikawa mali ya ukoo.

Mtemi ndiye duc, kutoka Kilatini dux, kiongozi wa jeshi. Cheo chake kiko juu ya konte. Tumetumia neno mtemi kwa kuwa Kiswahili kimeshazoea kuiita Luxembourg utemi.

Kaunti ya Anjou ni kama kaunti za Kenya?

Neno ni moja. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 walikwenda na neno lao la Kifaransa la eneo la konte, Kiingereza kikalichukua, na Kenya ikalipokea kutoka kwa Waingereza. Mambo yenyewe hayafanani. Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka kaunti 47, kila moja na gavana anayechaguliwa kwa kura. Konte wa Anjou hakupigiwa kura na mtu yeyote. Alizaliwa konte, au alioa, au alipigana.

Je, Anjou ina uhusiano na kisiwa cha Anjouan cha Komoro?

Hapana. Anjouan ni namna Wafaransa walivyoliandika jina la Nzwani. Waingereza nao walikiita kisiwa hicho hicho Johanna. Anjou ya Ufaransa imeitwa kwa jina la Andecavi, kabila la Wagala walioishi hapo kabla ya Warumi kufika, na jina la Angers limetoka kwa watu hao hao.

Kwa nini vitabu vinataja nyumba tatu za Anjou?

Kwa sababu eneo moja lilishikwa na koo tatu kwa zamu, na kila ukoo ulijiita wa Anjou. Wa kwanza ni wenyeji wa hapo hapo, waliotawala tangu karne ya 10 na ambao wazao wao wanajulikana zaidi kama Plantagenêt. Hao waliipoteza Anjou mwaka 1204. Wa pili unaanza na Charles, mdogo wake mfalme Louis IX, aliyepewa kaunti mwaka 1246. Wa tatu unaanza na Louis, mtoto wa mfalme Jean II, na ndio uliotawala Anjou ikiwa utemi tangu 1360 hadi 1480. Ukoo wa pili na wa tatu wote ni matawi ya nyumba ya wafalme wa Ufaransa.

Ushike mgawanyo huu kwanza. Anayesema "Anjou ya Napoli" anaweza kuwa anamtaja mtu wa ukoo wa pili au wa tatu, na katika karne ya 14 na ya 15 koo hizo mbili zilipigania Napoli zenyewe kwa zenyewe.

Ukoo wa kwanza ulianzaje?

Masimulizi ya ukoo yanamtaja babu aitwaye Ingelger. Mtu wa kwanza tunayemwona wazi kwenye hati ni mwanawe, Foulques le Roux, mwenye nywele nyekundu, aliyekuwa naibu wa konte huko Angers na ambaye kufikia 929 alikuwa akijiita konte kamili. Alifuatwa na Foulques wa pili, kisha Geoffroy Grisegonelle, aliyepewa lakabu hiyo kwa joho lake la kijivu, na aliyefariki mwaka 987 akiwa ameizingira ngome ya Marçon. Alimwachia cheo kijana wake, na kijana huyo anahitaji swali lake peke yake.

Foulques Nerra alikuwa mtu wa namna gani?

Wa kutisha, na mjenzi. Nerra maana yake ni mweusi. Alitawala kuanzia 987 hadi 1040, miaka 53, na karibu muda huo wote adui yake mkubwa alikuwa nyumba ya makonte wa Blois, iliyoshika Tours, Saumur na Chinon. Ukiangalia ramani utaona shida yake: adui alikuwa amekaa katikati ya njia, akitenganisha Angers na ngome ambazo Foulques alizirithi upande wa mashariki, kama Loches na Amboise.

Hakuwa na nguvu za kuishinda Blois kwa pigo moja, kwa hiyo akajenga. Aliweka ngome Langeais, kisha nyingine, kisha nyingine tena, moja isiwe mbali na nyingine kuliko mwendo ambao mpanda farasi anaumaliza kwa siku. Wakati huo ngome nyingi zilikuwa za mbao juu ya kilima cha udongo. Yeye alijenga kwa mawe. Mnara wake wa Loches, wenye kimo cha mita 36 hivi, ungali umesimama. Wataalamu walichunguza pete za miti ya mbao zilizobaki ndani ya kuta na kuona kwamba ulijengwa kati ya 1013 na 1035. Miaka zaidi ya ishirini kwa jengo moja. Mtu anayepanga hivyo hafikirii vita vya mwaka huu tu.

Vitani nako alikwenda. Mwaka 992 alimshinda konte wa Bretagne huko Conquereuil, na konte huyo akafia hapo. Mwaka 1016 alipambana na Eudes wa Blois huko Pontlevoy na kushinda baada ya kukaribia kushindwa. Mwaka 1026 Eudes akiwa ameelekeza macho kwingine, Foulques aliunyakua mji wa Saumur.

Nyumbani mwake kulikuwa na mambo mabaya. Mke wake wa kwanza, Elisabeth wa Vendôme, aliteketea kwa moto Angers karibu na mwaka 1000 baada ya kutuhumiwa uzinzi, na tuhuma hizo zilitoka kwa mumewe. Siwezi kumsifia ujenzi wake nikaliruka jambo hili.

Alihiji Yerusalemu si chini ya mara tatu, safari ya kwanza ikiwa mwaka 1003, wakati ambapo kwenda na kurudi kulikuwa kazi ya miezi mingi na wengi hawakurudi. Karibu na Loches alijenga abasia ya Beaulieu. Watawa walisimulia kwamba alipoinama kulibusu Kaburi Takatifu alimega kipande cha jiwe kwa meno yake akaja nacho. Hadithi hiyo tuichukue kama hadithi, lakini inaonyesha watu wa zamani zake walimwona ni mtu wa kufanya lipi. Alifariki Metz mwaka 1040 akiwa njiani kurudi kutoka hija ya mwisho, na akazikwa Beaulieu.

Nani walimfuata?

Mwanawe Geoffroy Martel, yaani Nyundo, alimaliza kazi ya baba. Mwaka 1044 huko Nouy alimteka konte wa Blois akiwa hai, na bei ya kumwachia ilikuwa Tours na nchi yake yote. Alifariki 1060 bila mtoto. Cheo kikaenda kwa wapwa wake wawili, watoto wa dada yake, na wakagombana. Mdogo, Foulques le Réchin, alimshinda kaka yake na kumfunga karibu miaka 28 katika ngome ya Chinon.

Huyu Foulques le Réchin hapendwi na wanahistoria wengi, na mke wake Bertrade alimkimbia mwaka 1092 akaenda kuishi na mfalme Philippe I. Hata hivyo alifanya jambo moja la nadra sana: mwaka 1096 iliandikwa kwa jina lake historia ya mababu zake. Mabwana wa zama zile waliwaachia watawa kazi ya kuandika. Humo anakiri kwamba makonte wa kwanza hana mengi ya kuwaeleza, kwa maana ni wa zamani mno hata makaburi yao hayajulikani yalipo. Sisi tunaoipenda historia tunamshukuru kwa ukweli huo.

Ni kweli konte wa Anjou alikuwa mfalme wa Yerusalemu?

Ni kweli. Foulques V, mtoto wa Réchin na Bertrade, alikuwa ameshaiongezea Anjou kaunti ya Maine kwa kumwoa mrithi wake. Mke huyo alifariki. Wakati huo Baudouin II, mfalme wa Wakristo wa Magharibi waliokuwa wameiteka Yerusalemu, hakuwa na mtoto wa kiume, naye alitafuta mume mwenye nguvu kwa binti yake mkubwa, Mélisende. Mwaka 1129 Foulques alimwachia Anjou mwanawe Geoffroy, akasafiri, akaoa, na 1131 akavikwa taji pamoja na mkewe. Alidhani angetawala peke yake; Mélisende na wakuu wa nchi walimwonyesha kuwa taji lilikuwa la mwanamke aliyezaliwa nalo. Alifariki 1143 karibu na Akka baada ya kuanguka na farasi akiwa anamkimbiza sungura.

Mjukuu wake wa huko ni Baudouin IV, mfalme mwenye ukoma, yule aliyepambana na Salahuddin huko Montgisard mwaka 1177.

Jina Plantagenêt lilitoka wapi?

Kwa Geoffroy, yule mwana aliyeachiwa Anjou. Inasemekana alikuwa akichomeka kofiani kijitawi cha genêt, kichaka chenye maua ya manjano kinachoota sana sehemu zile. Ilikuwa lakabu yake yeye. Wazao wake wa karibu hawakuitumia kama jina la ukoo, na ilianza kutumika hivyo katika karne ya 15 tu.

Ndoa yake ndiyo iliyobadili kila kitu. Juni 1128 huko Le Mans aliozwa Matilda, binti na mrithi wa Henry I wa Uingereza. Bwana harusi alikuwa na miaka 14. Bibi harusi alikuwa na 26, mjane wa kaisari wa Ujerumani, mwanamke aliyezoea kuitwa malkia na ambaye sasa aliolewa na mtoto wa konte. Hawakupendana, wakatengana, wakarudiana. Watoto wakaja, wa kwanza akiwa Henry, aliyezaliwa Le Mans mwaka 1133. Henry I alipofariki mwaka 1135, taji la Uingereza lilinyakuliwa na mpwa wake Stephen. Matilda alikwenda kulipigania ng'ambo. Geoffroy alibaki bara akaiteka Normandie ngome kwa ngome, na 1144 akawa mtemi wake.

Je, Uingereza iliitawala Anjou, au Anjou iliitawala Uingereza?

Swali zuri kuliko yote, na vitabu vya Kiingereza vimelipinda. Tufuate tarehe. Henry, mtoto wa Geoffroy, alipewa Normandie 1150. Baba yake alifariki Septemba 1151, akawa konte wa Anjou na Maine. Mei 1152 alimwoa Aliénor wa Aquitaine, wiki chache tu baada ya Aliénor kuachana na mfalme wa Ufaransa, na kwa ndoa hiyo akapata kusini-magharibi yote ya nchi. Uingereza ilikuja mwisho, 1154. Kwa hiyo ni konte wa Anjou aliyeongeza taji la Uingereza juu ya mali zake, wala si mfalme wa Uingereza aliyevuka bahari kuiteka Anjou. Alisema Kifaransa, na miaka yake ya ufalme mingi zaidi aliikaa bara.

Mali hizo zilitoka mpaka wa Scotland hadi milima ya Pyrenees, lakini hazikuwa nchi moja. Kila eneo lilikuwa na desturi yake ya sheria na mabwana wake, na kwa yale ya Ufaransa Henry alipiga magoti kuapa utii kwa mfalme wa Paris. Kilichoyaunganisha ni mtu mmoja anayezunguka juu ya farasi. Ndiyo maana ugomvi wa familia ulikuwa hatari kuliko adui. Mwaka 1173 Henry alitaka kumpa mwanawe mdogo John ngome tatu za nchi ya Anjou, yaani Chinon, Loudun na Mirebeau. Mwana mkubwa akaona anaibiwa urithi wake, akaasi, na mama yake Aliénor akawa upande wa watoto. Henry alifariki Chinon, Julai 1189, vita na mwanawe Richard vikiwa vimemshinda na akiwa ameambiwa kuwa hata John amemgeuka.

Amezikwa Fontevraud, si London. Abasia hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1101, ilikuwa na watawa wa kiume na wa kike wote chini ya mama mkuu mmoja. Ndani ya kanisa zimelala sanamu nne za rangi: Henry, Aliénor, Richard, na Isabelle wa Angoulême, mke wa John. Aliénor ameshika kitabu wazi mikononi, kana kwamba kifo hakijamkatiza kusoma.

Waliipotezaje Anjou?

Richard alipofariki Aprili 1199 bila mtoto halali, walibaki wawili: John, mdogo wake, na Arthur wa Bretagne, kijana wa kaka yao marehemu Geoffroy. Nani aliye karibu zaidi na taji, mdogo wa marehemu au mtoto wa kaka? Desturi hazikukubaliana. Wanormani na Waingereza walimtaka John, ila mabwana wa Anjou, Maine na Touraine walisema mtoto anasimama mahali pa baba yake, wakamchagua Arthur. Koo zetu nyingi zimewahi kukaa kikao kwa swali hili hili.

John alishinda kwanza. Mkuu wa mabwana wa Anjou, Guillaume des Roches, alihamia upande wake kwa ahadi kwamba atashauriwa. Kisha John akamwoa Isabelle wa Angoulême, msichana aliyekuwa ameshaposwa na bwana wa ukoo wa Lusignan. Walusignan walimshtaki kwa mfalme wa Ufaransa, Philippe Auguste, John hakufika mahakamani, na 1202 mfalme akatangaza kumnyang'anya ardhi zake za Ufaransa. Agosti mwaka huo John alimkamata Arthur huko Mirebeau, kwa msaada wa Guillaume mwenyewe, halafu akavunja ahadi aliyompa. Guillaume akaondoka na kumfuata Philippe, na Anjou ikaondoka naye. Arthur hakuonekana tena baada ya 1203. Mwaka 1204 kaunti ikawa ya mfalme wa Ufaransa, na Chinon ikaanguka 1205.

John alirudi mwaka 1214 kujaribu tena. Tarehe 2 Julai, kwenye ngome ya La Roche-aux-Moines karibu na Angers, alikimbia kabla jeshi la Ufaransa halijamfikia. Mwaka 1259 mwanawe Henry III alitia saini Paris kwamba Anjou si yao tena.

Ngome ya Angers yenye minara 17 ni ya nani kati yao?

Si ya ukoo wa kwanza. Ilijengwa kuanzia miaka ya 1230 chini ya mfalme kijana Louis IX na mama yake Blanche wa Castille, ili kulinda mpaka wa Bretagne. Mistari ya mawe meusi na meupe unayoiona kwenye minara ni ya wakati huo.

Charles wa Anjou wa Sisilia aliwahi kuishi Anjou?

Kwa nadra. Alipewa Anjou na Maine na kaka yake Louis IX mwaka 1246, na mwaka huo huo akamwoa Béatrice, mrithi wa Provence, akawa na nchi yenye bandari za kusini. Papa alimtafuta mtu wa kuwaondoa wazao wa kaisari Frederick II huko Italia. Charles akaenda, akamshinda Manfred, mwana wa Frederick, huko Benevento mwaka 1266 na kuwa mfalme wa Sisilia na Napoli. Miaka miwili baadaye alimkata kichwa hadharani Conradin, mjukuu wa Frederick, kijana wa miaka 16 aliyekuja kudai urithi wake. Alinunua hata haki ya kuitwa mfalme wa Yerusalemu.

Kodi zake na maafisa wake Wafaransa viliwachosha Wasisilia. Jumatatu ya Pasaka, 30 Machi 1282, saa ya sala ya jioni, watu wa Palermo waliwavamia Wafaransa, na kisiwa chote kikafuata. Charles alibaki na Napoli tu hadi kifo chake mwaka 1285. Wazao wake waliketi Napoli, na tawi moja lilipata Hungaria. Mtu wa tawi hilo, Lajos, alitawala Hungaria, na tangu 1370 hadi 1382 Poland pia.

Na Anjou yenyewe? Mwaka 1290 mwanawe Charles II aliitoa kama mali ya kumwozea binti yake Marguerite kwa Charles wa Valois. Kumbuka kwamba huko mali ya harusi ilitoka upande wa baba wa binti, kinyume cha mahari yetu. Mtoto wa ndoa hiyo akawa mfalme Philippe VI mwaka 1328, na kaunti ikarudi kwa mfalme.

Ilikuwaje ikawa utemi?

Mfalme Jean II aliipandisha cheo mwaka 1360 kwa ajili ya mwanawe wa pili, Louis. Wafalme wa Ufaransa walikuwa na desturi ya kuwapa wadogo wa mrithi ardhi ya kuwatosha, ili wasimsumbue kaka yao. Ardhi hiyo iliitwa apanage, nayo ilikuwa na sharti: mstari wa wanaume ukikatika, inarudi kwa taji. Sharti hilo ndilo litakalomaliza hadithi yetu.

Louis alianza vibaya. Baba yake alikuwa ametekwa na Waingereza vitani Poitiers mwaka 1356, akaachiwa kwa ahadi ya fidia kubwa, na Louis akawa mmoja wa mateka waliowekwa rehani mpaka ilipwe. Mwaka 1363 alitoroka. Jean II aliona heshima yake imevunjwa, akarudi mwenyewe London kwa hiari, na akafia huko Aprili 1364. Sijui kama kuna mwana mwingine wa mfalme aliyemgharimu baba yake namna hiyo.

Louis huyu huyu alituachia kitu kizuri kuliko vyote vilivyotoka Anjou: zulia la ukutani la Kitabu cha Ufunuo, aliloliagiza katika miaka ya 1370. Picha zilichorwa na Hennequin wa Bruges, na Nicolas Bataille alisimamia kazi ya ufumaji. Lilikuwa na urefu wa mita 140 hivi; zimebaki karibu 100. Limefumwa hata upande wa nyuma ukawa nadhifu kama wa mbele, na kwa kuwa upande huo haukupigwa na jua, rangi zake zingali kali. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa vipande vyake vilifunikia farasi na michungwa, hadi padri mmoja wa kanisa kuu alipoanza kuvikusanya katikati ya karne ya 19.

Yolande wa Aragon ni nani, na kwa nini hatajwi sana?

Hatajwi kwa sababu walioandika waliwatazama wanaume waliokwenda Napoli. Louis I alifia Italia mwaka 1384 akifukuzia taji hilo. Mwanawe Louis II alipigania Napoli. Mjukuu Louis III alifia Cosenza, kusini mwa Italia, mwaka 1434. Aliyebaki nyumbani kushika Anjou na Provence, kutafuta fedha na kulea, ni Yolande, aliyeolewa na Louis II mwaka 1400.

Mwaka 1413 alimposea binti yake Marie kijana Charles, mtoto mdogo wa mfalme ambaye hakuna aliyemtarajia kutawala, akamchukua akamlea. Kaka wawili wa Charles wakafariki, na ghafla yule mtoto akawa mrithi wa Ufaransa, nusu ya nchi ikiwa mikononi mwa Waingereza. Machi 1421 jeshi la Wafaransa na Waskoti liliwapiga Waingereza huko Baugé, ndani ya Anjou, na ndugu wa mfalme wa Uingereza akauawa. Jeanne d'Arc, msichana aliyesema ametumwa na Mungu kuiokoa Ufaransa, alipofika mwaka 1429, Yolande ndiye aliyesimamia wanawake waliomkagua kuthibitisha kuwa ni bikira, na alisaidia kugharimia chakula na silaha za msafara wa Orléans. Kwa maoni yangu hakuna mtawala wa Anjou, mwanamume au mwanamke, aliyefanya kazi iliyodumu kuliko yake. Alifariki mwaka 1442.

René aliitwa mfalme. Wa wapi?

Wa Napoli, Sisilia na Yerusalemu kwa karatasi. Kwa kweli alikaa Napoli tangu 1438 hadi Alfonso wa Aragon alipomfukuza mwaka 1442. Alikuwa mtoto wa Yolande, mzaliwa wa Angers mwaka 1409. Alimwoa Isabelle, mrithi wa Lorraine, lakini mwaka 1431 alishindwa vitani Bulgnéville na kufungwa Dijon, kwa hiyo Isabelle ndiye aliyetangulia Napoli kumshikia kiti. Alirudi nyumbani akaandika hadithi ya mapenzi na kitabu cha sheria za mashindano ya mikuki.

Binti yake Marguerite aliolewa na Henry VI wa Uingereza mwaka 1445 na ndiye malkia aliyeongoza upande wa Lancaster katika Vita vya Waridi, ambamo koo za Lancaster na York ziligombania taji la Uingereza. Alishindwa Tewkesbury 1471, akapoteza mwana wake wa pekee, akatekwa, akakombolewa, na akafia karibu na Saumur mwaka 1482.

René alifariki Aix mwaka 1480 bila mwana aliye hai. Watu wa Provence walitaka kumzika kwao, na mjane wake Jeanne de Laval akaupeleka mwili Angers kwa siri. Mfalme Louis XI alikuwa ameshaikalia Anjou kabla ya hapo. Sharti la apanage lilimpa haki ya kuichukua moja kwa moja. Provence ilikwenda kwa Charles, mpwa wa René, aliyefariki Desemba 1481 na kumwachia mfalme nayo pia.

Kulikuwa na watemi wa Anjou baada ya hapo?

Kwa jina. Wafalme waliwapa watoto wao cheo hicho bila utawala wa zamani. Mmoja, François, alimposa Elizabeth I wa Uingereza kwa miaka mingi bila kufanikiwa. Mwingine, Philippe, mwaka 1700 akawa Felipe V wa Hispania, na wafalme wa Hispania wa leo ni wazao wake. Jimbo lenyewe lilifutwa na Mapinduzi mwaka 1790.

Simba wa Uingereza walitoka Anjou?

Kuna ushahidi mzuri, na unaweza kuutazama Le Mans. Ni bamba la shaba lenye nakshi za rangi, urefu wake sentimita 63 hivi, lililotengenezwa kwa kaburi la Geoffroy Plantagenêt. Amesimama na upanga, na kwenye ngao yake ya buluu kuna simba wa dhahabu waliosimama. Mwandishi mmoja mtawa aliandika baadaye kwamba ngao ya simba alivikwa na baba mkwe wake, Henry I, siku alipofanywa mpiganaji wa farasi mwaka 1128. Mjukuu wa Geoffroy kwa upande wa Henry II, William Longespée, amelala kwenye kanisa kuu la Salisbury na ngao yenye simba wale wale. Na katika muhuri wa pili wa Richard, naye mjukuu wa Geoffroy, simba wamekuwa watatu.